Kuiandaa Nyumba Kabla ya Ukaguzi wa Mnunuzi

Mazungumzo na wananchi wa Kata ya Mungaa, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida



Nawashukuru kwa kuacha kazi ya kupura alizeti na kuja kunisikiliza. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana ni la mjini, nalo ni namna ya kuiandaa nyumba ili ikaguliwe kabla ya kuuzwa. Mzee mmoja aliponiona nikishuka garini aliniuliza, "Mwanangu, huku nani anakagua nyumba? Huku tunaangalia tu." Nimelifikiria swali lake tangu asubuhi, na naona ana haki ya kuuliza. Katika majimbo mengi ya Marekani muuzaji wa nyumba hujaza fomu akieleza kasoro anazozijua, kisha mnunuzi humleta mkaguzi ambaye hiyo ndiyo kazi yake, na mkaguzi humwandikia taarifa. Sisi hatuna mtaalamu wa namna hiyo. Tunaye mthamini, ambaye kazi yake inasimamiwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, lakini mthamini hutamka thamani ya nyumba. Hapandi darini kutafuta mchwa. Tunaye mhandisi, ila ni nadra kumwona akiitwa kwa ajili ya nyumba ya vyumba vitatu kijijini.

Aliyepo ni fundi. Mnunuzi wa leo, awe mwalimu aliyehamishiwa huku, au mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Singida mjini, haji peke yake. Anakuja na fundi anayemwamini, na wakati mwingine na shemeji yake asiyejua lolote juu ya ujenzi ila anajua kukunja uso. Huo ndio ukaguzi wetu. Hauna fomu wala mhuri, lakini ndio unaoamua kama utaipata bei uliyoitaja au utaipata nusu yake.

Niruhusuni nianze na nyumba ya baba yangu mdogo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa huu huu. Alipostaafu aliamua kuiuza nyumba yake ya matofali ya kuchoma kwa sababu mkewe alihitaji matibabu ambayo pensheni isingeyatosha. Alitaka shilingi milioni 13. Nyumba ilikuwa imara, isipokuwa ufa mmoja uliotoka kwenye kona ya dirisha la sebuleni ukapanda kuelekea lenta. Wiki mbili kabla ya mnunuzi wa kwanza kuja, baba mdogo aliuziba ufa ule kwa saruji, akapaka plasta, akapaka na rangi ukuta mzima. Mimi nilikuwa likizoni. Brashi niliishika mwenyewe.

Mnunuzi alikuja na fundi mtu mzima sana, aliyetembea polepole. Fundi akasimama mbele ya ukuta ule, akapitisha kidole gumba, akauliza kwa heshima, "Mwalimu, ukuta huu uliumwa nini?" Baba mdogo akajibu, "Haukuumwa kitu." Fundi akatoa ufunguo mfukoni, akakwangua rangi kiasi cha ukucha, akamtazama mnunuzi. Hawakuomba kupunguziwa bei. Waliaga vizuri, wakanywa maji, wakaondoka. Mnunuzi wa pili alikuja akiwa tayari amekwisha kusikia. Wa tatu hakufika kabisa. Nyumba iliuzwa baada ya miezi saba kwa milioni 9, na katika miezi hiyo saba matibabu yalikuwa yakisubiri.

Baadaye nilikutana na yule fundi msibani. Nilimuuliza ule ufa ungepunguza kiasi gani laiti tungeuacha wazi. Alifikiri kidogo. "Ule ulikuwa ufa wa zamani," akasema. "Lenta ilikuwa fupi, ukuta ulikwisha kukaa. Ningemwambia jamaa yangu atenge laki tano ya matengenezo, basi." Hivyo ufa ulikuwa wa laki tano. Zile milioni nne tulizipoteza kwa plasta.

Tangu siku hiyo sikuamini tena kwamba kuiandaa nyumba ni kuipamba. Fundi wa mnunuzi haogopi ufa, maana ameona nyufa maishani mwake kuliko sisi sote. Anaogopa kitu asichoweza kukipima, na ukuta uliopakwa rangi juma lililopita ni kitu asichoweza kukipima. Kwa sababu hiyo, maandalizi nitakayowaeleza leo zaidi ni ya kukusanya ushahidi, na kidogo tu ni ya kutengeneza.

Nitakaa kwenye nyufa kwa muda kuliko mambo mengine, kwa kuwa ndizo zinazouza au kuharibu nyumba katika maeneo yetu. Nyumba iliyojengwa kwenye udongo mweusi wa mbuga ina tabia yake: udongo ule huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi huenda nao. Nyumba iliyojengwa kwenye kichanga au karibu na majabali hutulia zaidi, lakini nayo huweza kupasuka kama msingi ulichimbwa upande mmoja ukafika kwenye mwamba na upande mwingine ukaishia kwenye udongo mlaini. Si kila ufa una maana sawa. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotapakaa kama utando wa buibui, mara nyingi ni za plasta tu; fundi aliipaka juani na hakuna aliyeimwagia maji ikakauka upesi. Ufa wa mshazari unaoanza kwenye kona ya dirisha au mlango mara nyingi hutokana na lenta fupi au kutokuwepo kwa lenta. Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata maungio ya matofali, ukawa mpana juu na mwembamba chini, unaeleza kwamba kona ya nyumba inazama. Ufa wa kulala kati ya ukuta na lenta unaweza kuwa umeletwa na paa linalotikiswa na upepo, na upepo wa Singida hamhitaji mimi kuwasimulia.

Sasa, jambo ambalo fundi wa mnunuzi hawezi kulijua kwa kuja mara moja ni hili: ufa huo unatembea au umesimama? Wewe mwenye nyumba unaweza kulijua. Chukua penseli. Kwenye ncha ya ufa chora mstari mdogo wa kuukatiza, uandike tarehe pembeni. Pima upana wake kwa rula mahali ulipo mpana zaidi, uandike palepale ukutani. Ukiwa na kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa saruji pande zote mbili za ufa kama daraja. Kisha subiri masika ipite na kiangazi kiingie. Ufa ukivuka ule mstari, au kioo kikikatika, ukuta unatembea, na hapo unahitaji ushauri wa mtu aliyesomea msingi kabla hujafikiria kuuza. Mstari ukibaki ulipo na kioo kikawa kizima, una kitu ambacho rangi haiwezi kukupa: unaweza kumwonyesha mgeni kwamba ufa huu ulikuwa wa milimita tatu Desemba, na ni wa milimita tatu leo. Ufa unaozidi milimita tano usiuchukulie kirahisi hata kama umesimama. Mwite fundi wako mwenyewe aueleze kabla ya fundi wa mwenzako kuja kuueleza.

Najua mtaniambia kwamba anayeuza kwa shida hana mwaka wa kusubiri. Ni kweli, baba mdogo hakuwa nao. Lakini wengi wetu hujua mapema kuliko tunavyokiri kwamba nyumba itauzwa. Aliyekwisha kuhamisha watoto Dodoma anajua. Warithi waliokwisha kukaa kikao wanajua. Penseli haina gharama. Ianzeni siku wazo linapoingia.

Hata wazee wetu walioishi katika tembe walikuwa wakaguzi wa nyumba zao. Paa la tembe ni la udongo, na asiyelitazama na kuliongezea udongo kabla ya mvua alilala akinyeshewa. Ukaguzi ulikuwa sehemu ya mwaka, kama kupanda. Bati limetupumzisha na kazi hiyo, na nadhani limetupumzisha kupita kiasi.

Tukiwa tumefika kwenye bati, tuliangalie. Wanunuzi wengi huja kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, fedha za mavuno zinapokuwa mkononi. Nyumba ya kiangazi haivuji. Hakuna nyumba inayovuja Agosti. Fundi mwenye akili huangalia alama za maji: madoa ya kahawia kwenye dari, mbao za kenchi zilizobadilika rangi, mchirizi ukutani chini ya kofia ya paa. Wewe mtangulie. Ingia ndani mchana wa jua kali, funga madirisha na milango, utazame juu mahali pasipo na dari. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Kagua misumari, kwa kuwa bati zima lililo na misumari iliyolegea huondoka na upepo wa kwanza. Kagua kama kenchi zimefungwa kwenye lenta kwa nondo au waya, au zimekalishwa tu. Palipovuja, tengeneza, kisha acha doa la zamani lilivyo na umwambie mgeni, "Hapa palivuja mwezi wa pili, nikabadilisha bati mbili, hii ndiyo risiti." Doa lenye risiti halimwogopeshi mtu. Na kama una simu ya kupiga picha, piga picha ndani ya nyumba wakati mvua inanyesha Januari au Februari. Picha ya sakafu kavu siku ya mvua kubwa hakuna dalali anayeweza kuitunga.

Tazameni pia maji yanakodondokea. Nyumba nyingi hapa hazina gata, na maji ya paa huchimba mfereji chini ya ukuta hadi msingi unaonekana kama fizi za mzee. Kujaza udongo, kuushindilia na kuuelekeza mteremko mbali na ukuta ni kazi ya siku mbili ya jembe na koleo. Hii ni moja ya kazi chache ambazo nawashauri mzifanye hata kama hamna fedha, maana hapa hufichi kitu, unaondoa chanzo.

Mchwa nao. Gongeni fremu za milango, boriti na kenchi kwa mpini wa bisibisi, usikilize kama mbao inaitika au inatoa sauti ya debe tupu. Mkiona njia zao za udongo zikipanda ukutani, msizifagie zote. Vunja sehemu ndogo, kiasi cha urefu wa kidole, uache siku kadhaa. Ikijengwa upya, mchwa yu hai na dawa inahitajika. Isipojengwa, yawezekana walikwisha kuhama, nawe unalo la kumweleza fundi. Nimewahi kuona muuzaji aliyefagia njia zote na kupaka chokaa. Fundi wa mnunuzi alibonyeza fremu kwa kidole na kidole kikaingia.

Umeme nitaupitia haraka. Mafundi wa kufunga nyaya majumbani hupewa leseni na EWURA, hivyo kama aliyefunga nyumba yako alikuwa na leseni, tafuta karatasi zake, ukizikosa mtafute yeye. Hakikisha waya wa ethi upo na umefika ardhini. Ondoa ule waya uliompelekea jirani kwa ajili ya kuchaji simu na kuendesha friji ya soda. Angalia pia kama mita ya LUKU ina deni, kwa kuwa deni hukatwa kwenye mita mtu anaponunua umeme, na mnunuzi atakapoona fedha zake zinapungua atakutafuta wewe, si TANESCO.

Kuhusu maji, yako mawili. La kwanza ni choo. Umbali unaoshauriwa kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30 au zaidi, na kisima kikae upande wa juu wa mteremko. Pimeni kwa hatua zenu kabla hajapima mwingine. La pili wengi hawalisemi. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya chini ya ardhi katika baadhi ya maeneo yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi kwa miaka mingi, watoto huota meno yenye madoa ya kahawia, na yakizidi sana hudhuru mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi; maji yanapungua sufuriani na madini yanabaki. Ukiuza nyumba yenye kisima, peleka maji yapimwe, uyaweke majibu pamoja na karatasi nyingine. Kama majibu si mazuri, tanki la kuvunia maji ya mvua lina thamani kubwa machoni pa mnunuzi mwenye watoto wadogo, na hilo unaweza kumwonyesha bila aibu.

Ndugu zangu, ukuta ukishapita, fundi hukaa kando na mnunuzi huanza ukaguzi wake mwenyewe. Huu ni wa watu na karatasi, nao umevunja mauzo mengi kuliko nyufa zote nilizozitaja.

Swali lake la kwanza huwa, "Mama yuko wapi?" Au kama muuzaji ni mama, "Mzee anasemaje?" Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi jina la nani limeandikwa. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi na itiwe sahihi mbele ya mashahidi, si ya kuitikia kutoka jikoni. Kama nyumba ni ya marehemu, anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo humpendekeza, lakini kikao peke yake hakimpi mamlaka. Nawasihi hasa akina mama wajane. Msikubali kutia sahihi mauzo mkiambiwa kwamba mirathi itafunguliwa baadaye. Anayesema hivyo anawabebesha ninyi mzigo wa kesi.

Swali la pili ni la ardhi. Nyumba nyingi za kata hii zimesimama juu ya ardhi ya kijiji, ambayo inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwenye hatimiliki ya kimila aitoe. Asiye nayo aandae alichonacho: mhutasari wa kikao kilichompa eneo, mkataba aliponunua, na majirani wa mipaka ambao wako tayari kusimama kwenye minyaa na kusema, "Hapa ndipo." Tembeeni kwenye mpaka na majirani hao kabla ya siku ya ukaguzi. Kama upo ugomvi wa hatua mbili za minyaa na jirani, umalizeni sasa, kwa kuwa mbele ya mgeni hatua mbili hugeuka kuwa ekari. Na mnunuzi akiwa si mkazi wa kijiji, Halmashauri ya Kijiji lazima ipate nafasi ya kuamua. Msilipeleke jambo hili kwenye halmashauri baada ya fedha kupokewa. Malipo yoyote mtakayoombwa katika ofisi, ulizeni yamewekwa na sheria ndogo ipi, na mdai stakabadhi ya Serikali.

Swali la tatu halimhusu mnunuzi moja kwa moja, ni la TRA. Anayepata faida kwa kuuza nyumba anaweza kutakiwa kulipa kodi ya ongezeko la mtaji. Upo msamaha kwa nyumba ya makazi ambayo mtu ameimiliki na kuishi ndani yake kwa miaka mitatu au zaidi, ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Waulizeni TRA kwanza, kwa sababu Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na mambo hubadilika. Ninachotaka mkikumbuke ni kwamba faida hupatikana kwa kutoa gharama, na gharama huaminiwa ikiwa na risiti. Ile risiti ya bati na saruji tunayoitupa ndiyo inayomtuliza fundi wa mnunuzi, na ndiyo inayokupunguzia kodi. Tafuteni bahasha moja kubwa, mwekeni humo kila kitu.

Hapa lazima niseme neno kuhusu sheria, kwa kuwa ndilo swali tunaloletewa mara nyingi: je, muuzaji analazimika kutaja kila kasoro? Duka likikuuzia bati kwa kukudanganya unene wake, hiyo ni biashara, na Sheria ya Ushindani wa Haki ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu wa namna hiyo. Jirani anayeuza nyumba yake moja kwa kawaida hachukuliwi kama mfanyabiashara. Yeye na mnunuzi wake wanaangukia kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na sheria hiyo hutofautisha mambo mawili. Kukaa kimya tu, kwa kawaida, si ulaghai. Lakini kukificha kitu kwa makusudi huku unakijua ni ulaghai, na aliyelaghaiwa anaweza kuomba mkataba uvunjwe. Ufa ulioachwa wazi ambao mnunuzi hakuutazama vizuri ni shauri lake. Ufa uliozibwa ili asiuone, na jibu la "haukuumwa kitu", hilo ni shauri lako. Baba mdogo aliponea kwa kuwa yule fundi aliuona. Asingeuona, huenda leo tungekuwa mahakamani, nami shahidi niliyeshika brashi.

Kwa hiyo, andikeni orodha. Chukueni karatasi moja, mwandike kasoro mnazozijua: ufa wa sebuleni, tarehe na upana wake; bati mbili zilizobadilishwa; kitasa cha mlango wa nyuma; kisima hupungua maji Oktoba. Mpeni mnunuzi kabla hajaanza kukagua. Mkikubaliana bei, karatasi hiyo iambatanishwe na mkataba, nyote wawili mtie sahihi. Wauzaji wengi huona kwamba hii ni kujichongea. Nimeona kinyume chake: fundi akishaikuta orodha kuwa ya kweli kwa mambo matatu, hupunguza kukwangua. Na mnunuzi akirudi baada ya mwaka na malalamiko juu ya ufa, sahihi yake ipo.

Siku yenyewe ya ukaguzi haina mengi. Magunia ya alizeti yaliyoegemezwa ukutani yasogezwe, kwa sababu mgeni huamini kwamba nyuma ya gunia kuna jambo. Mbuzi watolewe mapema, na sakafu ifagiliwe bila kumwagiwa maji, maana unyevu humtia fundi wasiwasi usio na sababu. Ngazi iwepo. Vyumba vyote viwe na funguo. Chumba kimoja kisichofunguka huzungumzwa kuliko vyumba vinne vilivyo wazi. Usimfuate fundi nyuma ukieleza. Kaa mahali atakapokuona akikuhitaji. Akikuuliza usilolijua, sema hujui. Dalali asiruhusiwe kuharakisha, kwa sababu yeye analipwa siku ya kuuza na wewe utaishi na mkataba. Fundi akimaliza, mwombe akuambie alichokiona mbele ya mnunuzi, uandike. Bei isijadiliwe ukiwa umesimama chini ya paa lililolalamikiwa. Kaeni kivulini, mnywe maji, ndipo mzungumze, kasoro kwa kasoro, kila moja na gharama yake ya kuitengeneza. Mkitaja gharama za kweli, mnunuzi hawezi kukata milioni kwa ajili ya kitasa.

Nanyi mnaonunua, maana nawaona hapa, haya yote ni yenu pia. Ulizeni orodha. Ulizeni picha za masika. Mkute mwenye nyumba aliyechora penseli ukutani, msimcheke.

Ndugu Mwenyekiti, mmoja wa wazee wa hapa ametukubalia twende tuikague nyumba yake, ambayo haiuzwi, ili tujifunze kwa vitendo. Tumekuja na fundi, ngazi ipo kwenye gari. Nitapokea maswali tukiwa njiani, na atakayependa kuanza na nyumba yake leo, penseli ninazo hapa mezani.